MWENYE MKANDA NDIYE MWENYE HISTORIA

Leo naomba siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongelee mieleka. Kabla hujafunga ukurasa ukisema "mambo ya kitoto hayo", nipe dakika tano tu kati ya hizo ulizolipia hapo kafe. Sitaki kuongelea nani kampiga nani. Nataka tuongelee nani anaandika kwamba nani kampiga nani. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Tuanze na ya juzijuzi. Tarehe 20 Aprili 2025, mjini Las Vegas, John Cena alimshinda Cody Rhodes kwenye WrestleMania 41. Watangazaji wakaitangazia dunia nzima kwamba jamaa kawa bingwa wa dunia mara ya 17, kavunja rekodi ya Ric Flair ya mara 16. Mkanda wenyewe hakukaa nao sana, maana Agosti Cody aliuchukua, na tarehe 13 Desemba Cena akastaafu baada ya kusalimu amri mbele ya Gunther. Lakini rekodi imebaki kwake.

Sawa. Sasa nauliza: hiyo 16 ya Flair ilitoka wapi? Machi 1984 Flair alipigwa na Harley Race huko New Zealand, akaurudisha mkanda wa NWA siku tatu baadaye Singapore. Watu walikuwepo ukumbini, walilipa kiingilio, waliona kwa macho yao. WWE haihesabu. Kuna na mengine ya aina hiyo, ndiyo maana wapo wanaomhesabia Flair zaidi ya 20. Kwa maana hiyo Cena alivunja rekodi ya hesabu ya WWE, iliyopigwa na WWE, ikatangazwa na WWE. Wahenga walishasema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Najua kuna mdau ameshaanza kuandika kule chini: "Mieleka si inapangwa? Sasa rekodi ya kitu cha kupangwa ina maana gani?" Ndugu yangu, umepiga penyewe, na ndo maana nimeandika. Mkimbiaji akikimbia mita mia, saa inabaki. Hata chama cha riadha kikimchukia, sekunde zake ni zilezile. Kwenye mieleka hakuna saa. Mshindi anaamuliwa ofisini, kwa hiyo ushahidi pekee kwamba jambo lilitokea ni kumbukumbu za watu na picha. Na hapa Kiswahili chetu kimetusaidia bila kukusudia. Mkanda ni ule anaovaa bingwa kiunoni, na mkanda ni ule unaowekwa kwenye video. Anayemiliki huu wa pili ndiye anayeamua ule wa kwanza ulivaliwa na nani.

Biashara ya video za mieleka ilishika kasi mwaka 1985, pale WWF ilipoanza kuuza kanda zake kupitia Coliseum Video. Zile kanda zilidumu hadi 1997. Wengi wetu huku tuliziona zikiwa zimenakiliwa mara kumi, picha ina chenga, sauti inakwama, lakini Hulk Hogan unamtambua tu kwa zile sharubu. Mwaka 2006 wakatoa seti ya DVD tatu za historia ya mkanda wa WWE, miaka miwili baadaye ikafuata ya Intercontinental. Humo ndimo vijana wengi walimojifunza "historia" kwa mpangilio.

Katikati ya hapo kilitokea kitu kikubwa. Machi 2001 WWF ilimnunua mpinzani wake mkuu, WCW. Baadaye ikachukua na mali za ECW. Haikununua wacheza mieleka tu, ilinunua na makabati ya kanda. Tangu siku hiyo, ukitaka kusimulia vita ya kampuni hizo mbili kwa picha, unaazima picha kwa aliyeshinda vita.

Tuangalie mifano, maana maneno matupu hayajengi hoja.

Mfano wa kwanza. Mkanda wenyewe ulizaliwa 1963, na bingwa wa kwanza anatajwa kuwa Buddy Rogers, ambaye ilidaiwa alishinda mashindano huko Rio de Janeiro. Hayo mashindano hayakuwahi kuwepo. Mwaka 1979 ulipoanzishwa mkanda wa Intercontinental, Pat Patterson naye eti kaupata Rio de Janeiro! Mashindano hewa tena, mji uleule. Yaani hata uongo hawakujisumbua kuubadilishia anwani.

Mfano wa pili. Tarehe 30 Novemba 1979, mjini Tokushima, Japani, Antonio Inoki alimshinda Bob Backlund na kuchukua mkanda. Kulikuwa na pambano la marudiano lililoleta utata, Inoki akaukataa, Backlund akaurudisha kwa pambano jingine Desemba. Ukifungua orodha ya WWE, Backlund ana utawala mmoja tu usiokatika, kuanzia Februari 1978 hadi Desemba 1983. Inoki hayumo. Mwaka 2010 wakampa heshima kwenye ukumbi wao wa magwiji, ubingwa wake wakaendelea kuufungia kabatini.

Mfano wa tatu, kwa akina dada. Orodha inasema Fabulous Moolah alishika ubingwa wa wanawake tangu 1956 hadi alipopigwa na Wendi Richter mwaka 1984. Karibu miaka 28 mfululizo! Waliofuatilia mapambano ya miaka hiyo wameshaonyesha kwamba alipoteza mara kadhaa hapo katikati. Wale wanawake waliomshinda wamefutwa ili tarakimu moja ipendeze kwenye kasha la DVD. Hebu fikiria wewe ndiye mmoja wao, unawaambia wajukuu "bibi yenu alikuwa bingwa", nao wanakutazama tu.

Sasa tuje nyumbani kidogo, maana na sisi tumo humu. Miaka ya 1980 Hogan alipambana na jitu moja lililoitwa Kamala, "jitu la Uganda". Usoni karangiwa, miguu peku, haongei lugha ya watu, na hadithi waliyomtungia ni kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Jina lake halisi ni James Harris, mzaliwa wa Mississippi, Marekani. Alifariki Agosti 2020. Mimi simlaumu Harris, alikuwa anatafuta riziki kwa kazi aliyopewa. Lakini kuna mamilioni ya watoto Ulaya na Marekani ambao "Mganda" wa kwanza kumwona maishani mwao ni huyo. Kanda iliwaambia hivyo, nao hawakuwa na kanda nyingine ya kulinganisha.

Miaka ikapita. Mwaka 2008 akaingia kijana anaitwa Kofi Kingston, wakamtangaza anatoka Jamaika. Wapi! Kofi kazaliwa Ghana. Baadaye Ujamaika ukaachwa kimyakimya, na tarehe 7 Aprili 2019 akamshinda Daniel Bryan kwenye WrestleMania 35 na kuwa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika. Mwaka huohuo akaupeleka mkanda Ghana, nao wakatengeneza filamu nzima ya safari ile. Mtu yuleyule, kampuni ileile. Uafrika ulipokuwa hauuzi ulifichwa, ulipoanza kuuza ukapigiwa tarumbeta.

Watu wengine waligeuziwa kibao kabisa. Ultimate Warrior alimshinda Hogan mwaka 1990 mbele ya umati wa Toronto. Baadaye akagombana na kampuni, na mwaka 2005 ikatoka DVD nzima ya kumdhalilisha, wenzake wamepangwa mmoja mmoja wanamsema. Akaenda mahakamani, hakufanikiwa. Mwaka 2014 wakapatana, akaingizwa kwenye ukumbi wa magwiji, siku chache baadaye akafariki. Kuanzia hapo anasimuliwa kama shujaa. Mapambano ni yaleyale. Kilichobadilika ni uhusiano wake na mwenye kabati.

Ili tutende haki, na wenyewe WWE yaliwahi kuwakuta. Mwaka 2002 walishindwa kesi Uingereza dhidi ya shirika la wanyamapori lenye herufi zilezile WWF, wakabadili jina. Kwa miaka kumi, kila walipotoa upya kanda za 1998 hadi 2002, ile nembo ilibidi izibwe ukungu na neno likatwe kwenye sauti. Kama uliwahi kuona DVD ukadhani ni ya kufoji kwa sababu ya ule ukungu, haikuwa ya kufoji. Mwaka 2012 wakaelewana na ukungu ukaondoka.

Kuna na jambo zito, siwezi kulikwepa. Machi 2004 Chris Benoit alitwaa ubingwa wa dunia Madison Square Garden. Juni 2007 alimuua mkewe na mwanawe mdogo, kisha akajiua. WWE ikaacha kumtaja na kumsifia, na hapo mimi nawaunga mkono. Familia ya marehemu haistahili kuona muuaji anapigiwa makofi. Lakini jina lake limebaki kwenye orodha ya mabingwa, nadhani ndivyo inavyotakiwa. Kuacha kumsherehekea mtu ni jambo moja, kudai kwamba hakuwahi kuwepo ni jambo jingine. Shida yangu ni kwamba uamuzi kama huo uko mikononi mwa mtu mmoja mwenye ufunguo. Leo kautumia kwa sababu nzuri, kesho atautumia kwa sababu ya ugomvi wa mkataba.

Na ndipo ninapofika kwenye hoja yenyewe. Zamani za kanda na DVD, kampuni ikibadilisha hadithi, ile hadithi ya kwanza ilikuwa bado ipo kabatini kwa jirani yako. Hawakuwa na uwezo wa kupita nyumba kwa nyumba. Februari 2014 wakaanzisha mtandao wao wa kulipia, Machi 2021 kwa Marekani wakauhamishia Peacock, na Januari 2025 kipindi cha Raw kikaanza kurushwa Netflix. Ilipohamia Peacock, vipande vikaanza kukatwa, kikiwemo kile cha Roddy Piper kujipaka nusu ya mwili rangi nyeusi kwenye WrestleMania ya 1990 alipopambana na Bad News Brown. Ni kipande cha aibu, sikitetei. Ila kimekatwa usiku, asubuhi umeamka hakipo, na hakuna hata maandishi ya kusema "hapa palikuwa na aibu yetu". Mjukuu wako atajuaje kwamba watu weusi walifanyiwa vile hadharani, huku ukumbi ukishangilia?

DVD ilikuwa ni mali yako. Huku mtandaoni unalipia kuazimwa, na mwenye mali anaweza kuibadilisha ukiwa umelala.

Mtasema haya ni ya Wazungu na mieleka yao. Haya, tujiulize ya kwetu. Zile mechi za Simba na Yanga za miaka ya nyuma, ngumi zetu, taarab zetu, zile picha ziko wapi, na ufunguo anao nani? Wenzetu walau kanda wanazo, wanagombania namna ya kuzisimulia. Sisi nyingi zinaliwa na fangasi kwenye mabohari, nyingine zilirekodiwa juu yake vipindi vipya. Bingwa asiye na mkanda wa video, baada ya miaka hamsini anageuka hadithi ya kijiweni.

Mimi msimamo wangu ni huu: kama una kanda au DVD ya zamani nyumbani, usiitupe, hata kama deki imekufa. Hiyo ndiyo nakala ambayo hakuna ofisi inayoweza kuihariri.

Nisiwachoshe. Uwanja ni wenu wadau: ni bingwa gani mnayemkumbuka ambaye historia imeamua kumsahau? Mwageni data hapo chini.