Mashine ya Kahawa Ikivuja, Tubainishe Kabla ya Kulaumu



Wiki hii sitazungumzia mirathi wala ndoa. Mama watoto ameniomba niandike juu ya mashine yetu ya kahawa iliyokuwa ikivuja, nami nimeitikia, ingawa kisa chenyewe hakinipambi. Mashine hizi zimeingia katika nyumba nyingi za pwani, aghalabu zikiletwa na watoto wetu walioko Uarabuni, na kitabu cha maelezo hupotea siku ile ile sanduku linapofunguliwa. Huenda yaliyotufika sisi yakamfaa mwengine.

Yetu ililetwa na mkwe wetu kutoka Maskati. Mimi ni mtu wa kahawa chungu ya dele, lakini nakiri kwamba kikombe cha mashine baada ya sala ya Alfajiri nilikuwa nimekwisha kukizoea. Asubuhi moja nikakuta maji yametanda juu ya meza ya jikoni na kuchuruzika hadi kwenye mfuko wa unga wa ngano uliokuwa chini. Nikamwita binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Mbele ya watoto, na mbele ya jirani aliyekuja kuazima sufuria, nikamwambia kwamba amejaza maji kupita kiasi, hajali mali ya watu, na kwamba unga ule utakatwa katika mshahara wake. Akasema, "Sikuigusa, Maalim." Nikamwambia asinijibu. Akainamisha kichwa, akaendelea kuosha vyombo.

Mchana nikamleta fundi. Aliitazama kwa nje tu, wala hakuifungua, akasema pampu imepasuka, kisha akataja bei iliyokaribia ile ya mashine mpya. Nilikuwa tayari kutoa pesa. Mama watoto akaniuliza kwa upole: "Maalim, wewe hufundisha watu wasihukumu kwa dhana. Je, maji haya yanatoka wapi, na yanatoka wakati gani?" Sikuwa na jibu. Fundi akaenda zake, nasi tukaanza kutafuta.

Kwanza tuelewe kwa nini mashine hii huvuja na dele halivuji. Kahawa ilitufikia kutoka Yemen, na dele hupika kwa moto na subira tu. Mashine ya espresso asili yake ni Italia: Angelo Moriondo alipata hataza ya mashine yake mjini Turin mwaka 1884, na Luigi Bezzera wa Milan akaja na yake mwaka 1901. Zile za kwanza zilitumia mvuke. Za leo za nyumbani nyingi hutumia pampu. Maji yenye joto la kati ya nyuzi 90 na 96 husukumwa yapenye katika unga wa kahawa ulioshindiliwa, kwa shinikizo la takriban bari 9. Ili mpate kipimo, gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa bari 2 na kidogo. Kinachoyazuia maji hayo yasitoroke pembeni ni pete moja ya mpira, ambayo mafundi huiita gasketi, iliyokaa ndani ya kichwa cha mashine, pale tunapofungia ule mkono wenye chujio la kahawa.

Basi tulichomoa waya ukutani, tukaiacha mashine ipoe kabisa, tukaipangusa hadi ikakauka. Hili msilipuuze. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 240, na maji yaliyomo ndani huunguza hata baada ya kuzima. Watoto wasiwe karibu.

Jambo la kwanza tulilotazama ni lile sinia dogo la chini linalopokea matone. Mashine nyingi zina vali inayomwaga maji yaliyobaki ndani ya sinia hilo kila kikombe kinapokwisha, na wengi hudhani ni uvujaji kumbe ndivyo zilivyoundwa. Sinia lisipomwagwa kila siku, hufurika kimya kimya na kulowesha meza. Letu lilikuwa tupu.

Pili, tulitandika karatasi nyeupe za kufutia chini ya mashine, tukajaza tangi, tukaiacha saa nzima bila umeme. Karatasi ikilowa katika hali hii, pampu haina kosa, kwani haijafanya kazi. Kosa ni la tangi: ama halikukaa sawasawa mahali pake, ama limepata ufa, ama kipete kidogo cha mpira kilicho chini yake kimechakaa au kimeingiwa na uchafu. Aghalabu dawa yake ni kulitoa, kusafisha mahali linapokaa, na kulirudisha hadi litulie. Karatasi zetu zilibaki kavu.

Tatu, tuliiwasha ikapata moto bila kupika chochote. Tone moja mawili kichwani wakati wa kupata moto si la kutisha, kwa kuwa maji yakipashwa hutanuka. Lakini karatasi ikilowa chini ya tumbo la mashine, uvujaji uko ndani, kwenye mipira ya boila au kwenye viungo vya mirija. Hapo zima, chomoa, na usiiwashe tena mpaka fundi anayezijua mashine hizi aifungue. Maji na nyaya zikikutana ndani ya chuma, hatari si ya unga wa ngano tena. Zetu zilibaki kavu vilevile.

Nne, tulipitisha maji bila kufunga mkono. Yalishuka katikati kama kawaida. Tukaweka kahawa, tukafunga mkono, tukabonyeza. Mara maji yakafoka ukingoni, juu ya mkono, yakateremka kwa nyuma hadi mezani. Mwizi alikuwa amepatikana.

Maji yakitoka ukingoni namna hii, sababu huwa tatu. Ya kwanza ni punje za kahawa zilizobaki kwenye ukingo wa chujio au juu ya gasketi, zikazuia vitu viwili visikutane vizuri. Ya pili ni kahawa iliyosagwa laini mno au kujazwa kupita kiasi, hata maji yakakosa njia ya kupita katikati na kutafuta ya pembeni. Ukisaga kidogo kwa ukali zaidi na kupunguza kipimo, uvujaji wa namna hii hukoma wenyewe. Ya tatu ni gasketi yenyewe kuzeeka. Mpira unaopikwa kila siku huwa mgumu. Ukiubonyeza kwa ukucha nao haubonyei, umri wake umekwisha. Alama nyengine ni kwamba mkono unapofungwa hupita pale ulipokuwa ukisimama siku za mwanzo.

Tulisafisha, tukasaga kwa ukali zaidi, maji yakafoka vilevile. Nilipougusa mpira, ulikuwa mgumu kama kifungo cha koti, na upande mmoja umepasuka. Nikashangaa, kwani mashine haikuwa na umri mkubwa. Mama watoto hakushangaa. Akaniambia, "Maalim, kila asubuhi waufunga mkono ule kwa mikono miwili kana kwamba wafunga mlango wa ghala. Na ukimaliza, wauacha umefungwa hapo hapo na makapi yake mpaka mchana."

Ikawa ndiyo hivyo. Wiki kadhaa nyuma niliona tone dogo ukingoni, nikakaza zaidi. Likazidi, nami nikazidi kukaza, badala ya kupangusa ukingo. Mpira ulioshindiliwa kwa nguvu kila siku, na kuachwa umebanwa ukiwa moto, haudumu. Asubuhi ile ya mafuriko, aliyeitumia mashine wa mwisho alikuwa mimi.

Gasketi mpya tuliipata kwa bei isiyofika ya kilo moja ya nyama. Nendeni na ile ya zamani mkononi, kwa kuwa vipimo hutofautiana kutoka mashine hadi mashine, kwa upana na kwa unene. Kabla ya kuitoa, pigeni picha kwa simu mjue upande upi ulitazama juu. Kwenye baadhi ya mashine utafungua skrubu na kutoa kile kichujio cha chuma kwanza. Kisha mpira hung'olewa taratibu kwa ncha ya bisibisi, bila kukwaruza chuma. Sugueni mfereji wake kwa mswaki wa zamani mpaka makapi meusi yaishe, kisha sukumeni mpya iingie sawa pande zote. Baada ya hapo, mkono ufungwe kwa nguvu ya kadiri tu. Kila baada ya kikombe, toeni makapi, pangusa ukingo, na msiuache mkono umefungwa usiku kucha. Anayeitumia kila siku ahesabu kubadilisha mpira huo kila mwaka au karibu na hapo.

Tena kuna jambo la maji. Sisi tunaoishi juu ya ardhi ya matumbawe twajua maji ya visima vyetu yalivyo magumu. Tazameni weupe ulioganda ndani ya birika la kuchemshia. Chokaa hiyo hiyo huganda ndani ya mashine, hukaa kwenye vali ya bomba la mvuke, na bomba likawa linadondoka hata likifungwa. Tumieni maji laini yaliyochujwa, na mara kwa mara pitisheni dawa ya kuondoa chokaa, au gramu 20 hivi za asidi ya sitriki, ile ya unga yenye ukali wa ndimu, kwa lita moja ya maji, ikiwa maelezo ya mashine yanaruhusu. Kisha suuzeni kwa tangi mbili za maji safi.

Mashine ilipona siku ile ile. Lakini lilibaki la binti yule. Haki ya Mwenyezi Mungu mja huitubia baina yake na Mola wake. Haki ya mwanadamu hairudi mpaka imrudie mwenyewe. Nilimkaripia mbele ya watu, basi isingetosha kumwomba radhi kwa siri. Nikawaita watoto, na jirani pia, nikasema mbele yao kwamba mharibifu nilikuwa mimi, kwamba nilimsingizia, na kwamba unga ni wangu kuulipa. Watoto walinitazama kama hawajapata kuniona.

Binti akasema, "Nimesamehe, Maalim." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo kwamba alikwisha kumpigia mamake simu, na mwisho wa mwezi alikusudia kurudi kwao.

Ndugu zangu, katika nyumba zetu wapo wasioweza kujibu: msaidizi wa kazi, mke wa mwana aliyeolewa juzi, mtoto mdogo. Kitu kikiharibika, lawama huwashukia hao kwanza, kwa kuwa wao ndio wepesi kulaumiwa. Karatasi nyeupe na saa moja ya subira vingeniepusha na dhulma ile. Kabla hatujauliza nani, tuulize wapi na wakati gani.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu na atusamehe tuliyoyafanya kwa haraka. Amin. Wabillahi tawfiq.