Rudisha Hiyo Prado, Video Tushuti Hapa Hapa Busia

Wasee wa Busia na Malaba, leo nitawakera na sitaomba msamaha.

Jumapili nilikuwa kinyozi nangoja zamu. Kwa skrini ikapigwa "Sitya Loss" ya Eddy Kenzo. Ile ya 2014! Kando yangu kuna kadogo hakajafikisha hata miaka kumi, wimbo ulitoka kabla kazaliwe, na kanajua kila hatua. Nikakumbuka video ya rafiki yangu, ya mwaka jana tu, ambayo saa hii hata mwenyewe haiangalii.

Huyo jamaa aliuza nduthi yake. Akakodi Prado siku moja, nyumba ya watu Kisumu, cheni za kuazima. Video ikatoka, tukaitazama sisi marafiki, wiki ikaisha, kwisha habari. Sasa anaendesha nduthi ya mtu na jioni anapeleka hesabu.

Mtaniambia za mastaa zinadumu kwa sababu ni mastaa. Nusu kweli. Jina linakuletea watu wiki ya kwanza. Mwaka wa kumi, nani anajali jina? "Sitya Loss" ilisambaa na watoto wa Kampala, Ghetto Kids, wakicheza kwa vumbi na nguo za kawaida. 2015 Kenzo akabeba tuzo ya BET. 2017 French Montana, msee wa New York mwenye pesa ya kukodi kila gari Busia (na trela za Malaba juu yake), akapanda ndege hadi Kampala kushuti "Unforgettable" na hao hao watoto. Imetazamwa zaidi ya mara bilioni 1. Alikuja kutafuta kitu ambacho sisi tunakificha tukiona kamera. Na Kampala si mbali, mabasi yake yanapita mlangoni kwetu kila siku.

Na msiniletee Diamond. Najua ana majumba na magari kwa video. Lakini watu wanaamini ni yake! Halafu ile "Yope Remix" yake na Innoss'B wa Congo, mtaani tuliiga nini? Kucheza. Sijaona mtu akiiga gari.

Sasa sisi hatuna nini? Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa hapa mpakani, baiskeli zikivusha watu kati ya Kenya na Uganda. Dunia nzima ya Afrika Mashariki inalitumia, na sisi wenyewe tunaona aibu kuweka baiskeli kwa video. Tuna foleni ya trela Malaba. Tuna Soko Matope na kelele zake. Tuna watoto wanaochanganya Kiteso, Kisamia, Kiganda na Kiswahili kwa sentensi moja na wanaelewana. Hiyo utaikodi wapi Kisumu?

Jamaa yangu, najua unasoma hii na umekasirika. Wimbo wako ulikuwa mkali, naimba mpaka leo nikioga. Shida haikuwa wimbo. Jumamosi hii nina simu yenye kamera safi, wadogo zangu watatu wanacheza balaa, na shangazi ana kibanda sokoni chenye ukuta wa rangi ya chungwa, ameshakubali tuutumie bure bora tusizuie wateja. Kuja na hiyo nduthi ya tajiri wako, asubuhi, kabla hujaanza kutafuta hesabu.