Minara Mirefu, Vyuo Maskini

Ijumaa iliyopita, katika msikiti mmoja hapa Njiro, ulitangazwa mchango wa kujenga mnara. Kabla hatujavaa viatu, mamilioni ya shilingi yalikwisha kuahidiwa. Nje, kijana niliyewahi kumfundisha alinieleza kuwa ameahirisha masomo ya mwaka wa pili kwa kukosa ada. Siuchukii mnara, nauchukia mpangilio wetu wa vipaumbele.

Kila mjadala wetu kuhusu elimu ya juu huanza na kuishia katika historia: shule za wamisionari ambazo wazee wetu waliziogopa, kisha kupigwa marufuku, mwaka 1968, kwa jumuiya ya East African Muslim Welfare Society, iliyokuwa na mpango wa kujenga chuo kikuu. Historia hiyo ni ya kweli, na jeraha lake halijapona. Lakini zaidi ya nusu karne imepita. Mwaka 1998 vilianzishwa vyuo vya Tunguu na Chukwani, Zanzibar. Mwaka 2005 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, yaliyotolewa chini ya Rais Mkapa, Mkristo. Mlango umekwisha kufunguliwa. Swali ni je, tumeingia na nini mkononi?

Tumeingia mikono mitupu. Chukwani tulijengewa na wahisani wa Kuwait. Mbale, Uganda, chuo kilichofunguliwa mwaka 1988 kilitokana na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu. Morogoro tulipewa majengo na Serikali. Tunashukuru, na shukrani ni wajibu. Hata hivyo, chuo kinachoishi kwa ada hulazimika kufundisha kile kinachonunulika, na kinachoishi kwa hisani hujifunza kunyamaza. Katika hali zote mbili, utafiti ndio hufa kwanza. Nani basi atachunguza, bila kumwogopa yeyote, jinsi wajane wetu wanavyodhulumiwa mirathi, au zaka inakokwenda?

Waliotutangulia walilijua jibu. Mapokeo yanasema Fatima al-Fihri alitumia urithi wake kuanzisha al-Qarawiyyin mjini Fas mwaka 859. Kwa karne nyingi baadaye, wakfu za mashamba na maduka ziliwalisha walimu na wanafunzi wake. Misri inatufundisha upande wa pili: dola ilizitwaa wakfu, kisha sheria ya mwaka 1961 ikaiweka al-Azhar chini ya mamlaka ya serikali. Aliyeshika mfuko ndiye aliyeshika ulimi.

Nitaambiwa kwamba sisi ni maskini. Sikubali. Tazameni fremu za maduka zinazoizunguka misikiti yetu mijini, magari ya usafirishaji na nyumba za kupangisha za waumini wetu. Fedha tunazo, kinachokosekana ni uaminifu. Watu hawaweki wakfu kwa sababu wameona wakfu zikiliwa na waliokabidhiwa kuzitunza, na hakuna aliyewajibishwa. Hilo hatukufanyiwa na mkoloni wala Serikali.

Napendekeza jambo dogo. Kila msikiti mkubwa utenge kodi ya fremu moja kwa ajili ya elimu ya juu. Hati iandikwe kisheria, mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila mwaka, hesabu zikaguliwe na mtu wa nje, na mtoaji asiwe na sauti juu ya kinachofundishwa wala kinachochunguzwa. Wanafunzi, dai lenu lianzie hapa. Nanyi watumishi wa umma, wengi wenu mmo katika kamati za misikiti hiyo; utaalamu wa hesabu mnaoutumia ofisini msiuache mlangoni pamoja na viatu.

Ijumaa ijayo nitasimama kuiuliza kamati yetu: fremu zetu ni ngapi, na kodi yake huenda wapi? Ulizeni na huko kwenu.