Mheshimiwa, uliza zimetoka shilingi ngapi

Kila asubuhi ya kikao cha Bunge, dua ikishasomwa na hati zikishawasilishwa mezani, ukumbi wa Dodoma husikia swali lile lile: "Je, ni lini Serikali itajenga kituo cha afya katika kata fulani?" Naibu Waziri husimama, huomba kujibu kwa niaba ya Waziri wake kama ifuatavyo, hueleza kuwa Serikali inatambua umuhimu wa huduma hiyo na kwamba itaendelea kutenga fedha kadiri zitakavyopatikana. Mbunge hushukuru kwa majibu mazuri. Katika maswali yake mawili ya nyongeza, mara nyingi moja ni kama Naibu Waziri yuko tayari kuongozana naye jimboni baada ya Bunge. Yuko tayari. Anaitwa mbunge mwingine.

Tunasema waziwazi kwamba maswali ya namna hii yanapoteza muda wa wananchi. Ukiuliza "ni lini", umempa Waziri nafasi ya kuahidi. Ukiuliza zimetoka shilingi ngapi, tarehe ngapi, na zimeingia akaunti gani, hana budi kujibu kwa hesabu.

Uwezo wa kuuliza hivyo upo. Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba inaliruhusu Bunge kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Haikusema swali la heshima tu, wala swali ambalo jibu lake limekwisha kuandaliwa.

Tatizo kubwa liko kati ya fedha kutengwa na fedha kufika. Bunge hupitisha bajeti mwezi Juni, mwaka wa fedha ukaanza tarehe 1 Julai. Baada ya hapo Hazina hutoa fedha kulingana na makusanyo, wizara zikigombania kilichopo. Kitabu cha bajeti kinaweza kuonyesha fedha za dawa, za madarasa na za mikopo ya wanafunzi, na mwaka ukaisha sehemu ya fedha hizo haijaonekana kituoni wala shuleni. Mbunge aliyepiga kura ya ndiyo mwezi Juni ana haki ya kujua mwezi Februari kura yake ilizaa nini. Tungependa aione kuwa ni wajibu.

Chukua maboma ya zahanati, jambo ambalo karibu kila mbunge wa vijijini analijua. Wananchi wanachangishana, wanafyatua tofali, wanasomba mchanga na maji, akina mama wakiwa na ndoo kichwani. Ukuta unapanda hadi lenta. Makubaliano ni kwamba wananchi wakifika hapo, Serikali inaleta fedha za kupaua na kumalizia. Boma linasubiri. Mvua ya kwanza inapita, ya pili inapita, tofali za juu zinaanza kumomonyoka, majani yanaota ndani ya chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia. Mwenyekiti wa kijiji akiitisha mchango mwingine, watu wanamuuliza ule wa kwanza umefanya nini, naye hana la kuwajibu. Kwa hiyo swali la mbunge huyo lingekuwa hivi: kati ya fedha tulizopitisha kwa ajili ya kumalizia maboma ya halmashauri yangu, hadi tarehe 31 Machi zimetolewa kiasi gani, kwa maboma yapi, na yaliyobaki yamekwamia wapi? Jibu lake linaweza kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji na kila mtu akalihakiki kwa macho.

Kwamba hesabu zikihojiwa mambo hutikisika, tumeliona. Sheria inazitaka halmashauri zitoe asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alionyesha fedha nyingi ambazo hazikurejeshwa, na vikundi ambavyo ukivitafuta huvioni. Aprili 2023 Serikali ikasimamisha utoaji wa mikopo hiyo hadi ipangwe upya. Waliodhulumiwa ni wale wanawake na vijana waliorejesha kwa uaminifu, kisha wakakaa bila mkopo kwa makosa ya wengine. Maswali makali ya mapema, halmashauri kwa halmashauri, yangeweza kuwaokoa.

Tunawaelewa mawaziri. Waziri wa Afya hashiki Hazina, na makusanyo yakipungua hana miujiza. Basi aseme hivyo: tuliomba kiasi hiki, tumepata kiasi hiki, tumeanza na hivi, vile vimeahirishwa. Wananchi si watoto, wanaelewa upungufu.

Lipo suala la chama, na tusilipite kimya. Tangu uchaguzi wa 2020 wapinzani ndani ya ukumbi wamekuwa wachache mno, hivyo mzigo wa kuihoji Serikali umewaangukia wabunge wa CCM wenyewe. Wapo wanaohisi kwamba kumbana Waziri ni kukiumiza chama. Historia ya Bunge hili inawakatalia. Kamati Teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond iliongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa CCM, chini ya Spika wa CCM, Samuel Sitta. Februari 2008, baada ya ripoti ya kamati hiyo, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, na chama kikaendelea kutawala. Mwaka 2012, baada ya ripoti za ukaguzi kuwakera wabunge, Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, alikusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu wa wakati huo, na wabunge wachache wa CCM wakatia zao. Mwezi Mei Rais Jakaya Kikwete akabadilisha Baraza la Mawaziri na kuwaacha nje mawaziri kadhaa. Serikali haikuanguka.

Spika naye ana kazi yake. Jibu lisilo na takwimu lirudishwe, Waziri akajipange, alilete tena wiki hiyo hiyo. Tena kila mkutano wa Bunge ungeanza kwa kusomwa ahadi zilizotolewa katika mkutano uliopita, moja moja, na hali ya utekelezaji wake. Sasa hivi ahadi hubaki ndani ya Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na mbunge anayefuata huuliza upya jambo lile lile kana kwamba halijawahi kujibiwa.

Na wewe mpiga kura, Hansard iko wazi kwenye tovuti ya Bunge, kwa Kiswahili. Tafuta jina la mbunge wako, soma alichouliza na alichojibiwa. Akija kwenye mkutano wa hadhara, mwombe akusomee jibu hilo mbele ya watu, kisha mwulize fedha zimetoka shilingi ngapi.