Okoa Yaliyomo Kabla ya Kununua Diski Mpya



Juma hili naomba tuliache jiko kidogo, tuingie chumba cha vijana, palipo na kile kisanduku cheusi chenye taa za rangi ambacho usiku hutoa mvumo wa feni na makelele ya magoli. Akina mama wengi hukiona kuwa ni mali ya vijana, na matatizo yake ni ya vijana. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hadi siku kilipoharibika kikaondoka na kitu changu.

Kijana wangu wa pili aliiunga kompyuta yake ya gemu kidogo kidogo kwa miezi minane: kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, kadi ya picha aliyouziwa na rafiki yake, na RAM aliyoiongeza kwa pesa za Idi. Diski ilikuwa ile ile moja iliyokuja na mashine, ya terabaiti 1. Kwa kuwa ndiyo kompyuta pekee nyumbani, nilimwomba anihifadhie humo picha za miaka kumi na moja kutoka simu zangu za zamani, pamoja na sauti tisa nilizomrekodi marehemu mama yangu akieleza nasaba yetu: nani kamzaa nani, na nani aliolewa wapi. Gemu na nasaba zikalala kitanda kimoja.

Dalili zilianza mapema, nasi hatukuzitambua. Gemu zikawa zinachelewa kufunguka. Kisha skrini ikawa inaganda, na jioni moja ikageuka buluu. Fundi wa kwanza alitwambia ubao mama umeungua, alete mwingine kwa shilingi 15,000. Fundi wa pili aliiwekea diski programu ya kurekebisha makosa, akaiacha ikifanya kazi usiku kucha. Asubuhi diski ilikuwa ikitoa sauti ya kugonga, tak, tak, tak.

Kaka yangu alipokuja, hakugusa ubao mama. Aliichomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake, akaanza kunakili sauti na picha kabla ya kitu kingine chochote. Picha nyingi zilipatikana. Katika zile sauti tisa, sita zilitoka. Tatu hazikutoka. Ubao mama ulikuwa mzima, na hadi leo unafanya kazi.

Gemu zote za kijana zilirudi kwa siku mbili, kwa kupakuliwa upya. Sauti ya mama haina mahali pa kupakuliwa. Ndiyo sababu nimeona niyaandike haya niliyojifunza, ili mwenzangu asijifunze kwa gharama ile ile.

Aina tatu za diski

Dukani utaonyeshwa aina tatu. Ya kwanza ni diski ya kuzunguka, HDD. Ndani yake mna sahani za sumaku zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba unaopita juu yake ukisoma bila kuzigusa. Huhamisha yapata megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde. Kwa nafasi nyingi bei yake ni nafuu, ila haistahimili kuangushwa wala kutikiswa ikiwa inazunguka.

Ya pili ni SSD ya SATA. Haina kinachozunguka, ni chipu tupu ndani ya kijaluba cha inchi 2.5. Huenda karibu megabaiti 550 kwa sekunde, na hutumia nyaya zile zile za HDD, hivyo kompyuta nyingi za mtumba huipokea bila taabu.

Ya tatu ni SSD ya NVMe, kibao chembamba ambacho kwa kawaida kina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, kinachochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama. Zile za kizazi cha PCIe 3.0 hufikia megabaiti 3,500 kwa sekunde, na za PCIe 4.0 hufikia 7,000.

Hapa wanunuzi wengi huteleza. Tundu la kibao hicho huitwa M.2, na M.2 ni jina la umbo, si la kasi. Zipo diski za M.2 zilizo za SATA na zilizo za NVMe, na baadhi ya matundu hupokea aina moja tu. Isitoshe, ubao mama wa zamani huenda usiweze kuiwasha kompyuta kutoka diski ya NVMe. Mwambie kijana asome namba iliyochapwa juu ya ubao wake, atafute maelezo yake, ndipo aende dukani.

Je, ile ya kasi zaidi ina faida kwa mchezaji? Kuhama kutoka HDD hadi SSD ya aina yoyote ni badiliko atakaloliona siku hiyo hiyo: kompyuta huwaka upesi, na gemu iliyokuwa ikimngojesha hufunguka kwa sehemu ndogo ya muda ule. Lakini kuhama kutoka SSD ya SATA hadi NVMe, katika gemu nyingi, huokoa sekunde chache tu. Wala hakuna diski itakayoongeza idadi ya picha kwa sekunde. Hiyo ni kazi ya kadi ya picha na prosesa.

Kwa mfuko wa kawaida, naona mgawanyo huu unatosha: SSD moja kwa ajili ya Windows na gemu, na HDD kwa ajili ya mambo ya nyumba. Gemu kubwa moja ya siku hizi hupita gigabaiti 100, hivyo SSD ya gigabaiti 250 itajaa haraka. Afadhali 500 au terabaiti 1. Asiijaze pomoni, maana SSD iliyojaa hupungua kasi.

Wapo wanaoogopa kuwa SSD huisha kwa kuandikwa. Ni kweli ina kiwango chake, lakini tuhesabu. Samsung 970 EVO Plus ya terabaiti 1 ina dhamana ya kuandikwa terabaiti 600. Kijana akiiandika gigabaiti 50 kila siku, atahitaji siku 12,000 kuzimaliza, yaani zaidi ya miaka thelathini. Kilicho cha kuogopwa zaidi ni umeme mbaya na bidhaa bandia.

Usidanganywe dukani

Ukinunua diski ya terabaiti 1, Windows itaonyesha gigabaiti 931. Hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, na Windows huhesabu kwa 1,024.

Udanganyifu wa kweli upo katika flashi na diski za nje zilizoandikwa terabaiti 2 na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Ndani mna gigabaiti chache tu, na chipu yake imefundishwa kuiambia kompyuta uongo. Utanakili picha, majina ya faili utayaona, lakini ukizifungua zilizopita kiwango chake cha kweli, hamna kitu. Programu ya bure ya H2testw huijaza diski na kuisoma tena, ikakwambia ukweli wake. Ijaribu kabla hujaweka hata picha moja.

Ukinunua diski iliyotumika, mwombe muuzaji aisome kwa CrystalDiskInfo mbele yako, utazame saa ilizowashwa. Mwaka una saa 8,760. Diski iliyosoma saa 40,000 imefanya kazi mchana na usiku kwa zaidi ya miaka minne na nusu. Hata ikiwa imesuguliwa ikang'ara, si mpya.

Kompyuta ikikwama, anza na lisilogharimu

Kosa letu lilikuwa kutafuta kipuri kabla ya kutafuta ugonjwa. Kanuni aliyotufundisha kaka yangu ni hii: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Ukibadilisha vitatu pamoja na mashine ikapona, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na umelipia vyote.

Kwanza, sikiliza na utazame. Kompyuta ikizimika ghafla gemu inapopamba moto, shuku joto au pawa saplai. Skrini ikitoa mistari na madoa ya rangi, shuku kadi ya picha. Ikiwaka bila kuonyesha kitu, au ikilia pipi mara kadhaa, shuku RAM. Ikiganda kila inapofungua faili au eneo jipya la gemu, shuku diski. Saa na tarehe zikirudi nyuma kila ikizimwa, ni ile betri ndogo ya CR2032 iliyo juu ya ubao mama, na bei yake haishindi nauli ya kwenda kwa fundi. Na ikiwa kijana ametoka kuweka kadi ya picha mpya na skrini ni nyeusi, atazame kwanza kama waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi yenyewe, si kwenye ubao mama kama zamani.

Pili, safisha. Sisi watu wa pwani tunaishi na hewa ya chumvi na unyevu, na vumbi likishikana na unyevu hugeuka tope kwenye feni. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, gusa chuma cha kisanduku ili kuondoa umeme tuli mwilini. Tumia brashi laini kavu. Usipulize kwa mdomo, kwani mate huingia. Shika mapanga ya feni yasizunguke unapopangusa. Chomoa RAM, futa meno yake ya shaba taratibu kwa ufutio wa penseli, ondoa mabaki, uirudishe hadi isikike imebana. Kompyuta nyingi zinazodaiwa kufa hufufuka hapo. Ikiwa bado unaishuku RAM, ipime kwa programu ya bure ya MemTest86.

Tatu, isome diski kwa CrystalDiskInfo ile ile. Tazama mistari mitatu. Mstari wa 05 huhesabu sehemu zilizoharibika zikahamishwa. Mstari wa C5 huhesabu sehemu zinazoshindwa kusomeka kwa sasa. Hesabu hizo zikiwa zinaongezeka, diski inakufa. Mstari wa C7 ukipanda peke yake, mara nyingi diski ni nzima na kibovu ni waya wa SATA. Badilisha waya kwanza.

Nne, na hili ndilo kubwa: ukiona diski inakufa, nakili yaliyomo kabla ya kurekebisha chochote. Usiiwekee programu ya kukagua na kurekebisha, usiifomati, usicheze gemu juu yake. Programu hizo huilazimisha diski dhaifu kusoma na kuandika kwa saa nyingi, na huenda nguvu iliyobaki ikaishia hapo. Anza na kisichopatikana tena duniani, malizia na gemu. Ikiwa imeanza kugonga na yaliyomo ni ya thamani, izime, umtafute anayeshughulika na uokoaji wa data.

Jambo la tano ni umeme. Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani. Ukirudi, subiri dakika chache utulie. Kifaa cha UPS kinachompa kijana dakika kumi za kuzima kompyuta kwa utaratibu ni ununuzi wa busara kuliko taa zaidi za rangi.

Sitara ya nyumba

Mabinti na akina mama, hili linatuhusu zaidi. Diski ya nyumbani ina picha za harusi zetu, za sebuleni, za tulivyokaa bila buibui. Kompyuta ikienda kwa fundi kwa ajili ya feni au kadi ya picha, diski ibaki nyumbani. Kuichomoa ni kazi ya bisibisi na dakika tano.

Na mkiuza diski ya zamani, msitosheke na kufuta. Faili iliyofutwa huondolewa jina tu. Yaliyomo hubaki hadi yaandikwe juu. Hata kufomati kwa haraka hakuyaondoi. HDD iandikwe upya yote kwa programu ya kufuta kabisa. SSD ifutwe kwa programu ya mtengenezaji wake. Iliyokufa itobolewe kabla ya kutupwa: HDD kwenye sahani zake, SSD kwenye chipu zake.

Nakala tatu

Hakuna diski isiyokufa. Mafundi wana kanuni rahisi: kila kilicho cha thamani kiwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba, ili moto, mwizi au mafuriko yasizichukue zote pamoja. Diski ya nje ya kukaa kabatini iwe HDD, kwa sababu SSD ikikaa muda mrefu bila umeme huweza kupoteza ilichoshika. Nayo itolewe mara moja kila miezi michache, iwashwe, ifunguliwe faili mbili tatu.

Kwetu sasa kijana ana SSD yake ya gemu, nami nina diski yangu asiyoigusa. Nakala ya pili iko kwa kaka yangu Malindi, na ya tatu kwenye simu ya binti yangu. Zile sauti tatu zilizopotea zilikuwa za upande wa babu mzaa mama. Mama mdogo bado yu hai na anaukumbuka ukoo huo. Jumamosi hii kijana na mimi tunakwenda kwake na simu, na kabla ya magharibi sauti zitakuwa mahali patatu.

Tukutane juma lijalo. Wassalaam.