Zinki imerudi Kipushi, na timu je?

Mwaka 1993 mgodi wa Kipushi ulifungwa. Mwaka huohuo, katika mji mdogo wa Aue, mashariki mwa Ujerumani, timu ya kabumbu ya wachimbaji iliacha jina la Wismut Aue ikaitwa Erzgebirge Aue. Wismut ilikuwa kampani iliyochimba urani kwa ajili ya Umoja wa Kisovieti. Sisi wa Katanga hatuhitaji kufundishwa urani ni nini, Shinkolobwe iko kwetu.

Kampani ilipoacha kuchimba, Aue ilibaki na mashimo na watu wengi bila kazi. Ilibaki pia na timu iliyokuwa bingwa wa Ujerumani Mashariki mwaka 1956, 1957 na 1959. Mji wenye watu wapatao 20,000 tu ungeweza kuiacha ife. Haukuiacha. Mwaka 2003 timu hiyo ilipanda daraja la pili la Ujerumani nzima, na hadi leo nembo yake ina nyundo mbili za wachimbaji.

Iliwezekanaje? Pesa za wadhamini zilisaidia, ndiyo. Lakini Ujerumani kuna kanuni kwamba wanachama wa klabu ndio wenye zaidi ya nusu ya kura. Shabiki analipa ada yake, anakaa mkutanoni, anapiga kura. Tajiri akiondoka, klabu ina wenyewe.

Huku kwetu, Lupopo ilizaliwa mwaka 1939 na mpaka leo tunaiita timu ya Cheminots, watu wa reli. Reli yenyewe tunajua imefikia wapi. Mazembe nayo ilicheza fainali ya klabu bingwa ya dunia mwaka 2010, dhidi ya Inter Milan, na sisi sote tulilala usiku sana siku ile. Lakini inategemea mno mfuko wa rais wake, Moïse Katumbi. Si kosa lake. Ila Kipushi haina Katumbi, na haifai kukaa ikimngojea.

Najua jibu la wengi: Lubumbashi iko kilometa 30 tu, ya nini timu nyingine? Mzazi anayelipa taksi ili mwanawe aende mazoezini kila wiki anaweza kuwajibu vizuri kuliko mimi.

Mwezi wa sita mwaka 2024 kiwanda cha Kipushi kilianza tena kutoa zinki. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inalazimisha kila kampani inayochimba kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Pesa hizo ni za visima, shule na zahanati kwanza, sipingi. Lakini sehemu ndogo ingetosha kwa kiwanja chenye uzio, makocha wa watoto na klabu yenye sheria zake, ambayo mama muuza mihogo anaweza kununua kadi yake kwa franga chache na kumuuliza katibu pesa za mlangoni zimeenda wapi.

Kampani isiipe klabu hiyo jina lake, wala mwanasiasa asipewe kiti cha rais wa heshima. Tumeshaona mara nyingi uchaguzi ukipita na jezi zikipotea. Wanaokaa kwenye kamati ya asilimia 0.3 waliweke jambo hili mezani sasa, wakati zinki bado inatoka.