Waya wa Bara Katika Chombo cha Pwani



Juma lililopita tulikuwa Nanyuki kwa shemeji yetu, fundi wa umeme wa majumba. Mji ule umekaa penye mstari wa ikweta, mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Kenya. Chumvi yao ni ya jikoni tu. Shemeji alituonesha waya aliouondoa katika nyumba kuukuu. Alipoumenya, shaba ilimeta kana kwamba imetoka dukani jana.

Nasi tukatoa mkobani kipande chetu. Kilikuwa cha waya wa namna ile ile, ambao yeye mwenyewe alimpelekea mpwa wetu wa Lamu, kwa nia njema, atie taa katika mashua yake. Haukutimiza miaka miwili. Ganda lilikuwa zima, lakini ndani nyuzi zimekuwa nyeusi, na ncha zake zimeota kutu ya kijani.

Usiku mmoja mashua ile ilikuwa ikirudi kutoka Matondoni, imepakia akina mama na watoto waliotoka harusini. Taa zikafifia, kisha zikazimika. Boti ya mashine ikawapita karibu mno, wimbi lake likawalowesha. Alhamdulillahi, hakuna aliyedhurika.

“Taa ilikuwa mpya, shemeji,” tulimwambia. “Na betri pia.”

Alikigeuza kile kipande mkononi. “Basi nilimpelekea maradhi, jamani.”

Hatukumlaumu. Maji ya chumvi huingia kwenye ncha ya waya, yakapenya baina ya nyuzi na kwenda mbali chini ya ganda, mahali jicho lisipofika. Umeme wa betri ya chombo ni volti 12 tu. Kutu kidogo hutosha kuudhoofisha. Tena kiungo chenye kutu hupata moto, na jirani yake ni tangi la petroli. Kuzungushia utepe, kama wafanyavyo wengi wetu, ni kuyafungia maji ndani.

Shemeji alitaka kujua dawa. Tukamweleza tuliyofundishwa na fundi wa vyombo: kwanza betri ifunguliwe, kisha waya ukatwe hadi shaba ing’aayo ionekane, na weusi ukiendelea, utupwe wote. Uwekwe waya wa chombo, ambao kila uzi wake wa shaba umepakwa bati. Viungo vibanwe kwa vishikizo na kufunikwa kwa mpira unaonywea kwa joto, fyuzi ikae karibu na betri, na nyaya zipitishwe juu, mbali na maji ya ngama.

Mpwa wetu amekwisha kuubadilisha wote. Akina mama wa mtaa sasa humwambia awashe taa kabla hawajapanda, naye huwasha, ingawa kwa kununa kidogo. Kile kipande kimebaki Nanyuki. Shemeji amekitundika ukutani penye karakana yake.